Mtoto akisema "naumwa" tu, msaidie apate maneno zaidi

Mtoto wa miaka minne amefikishwa zahanati. Muuguzi anauliza kinachouma, naye anajibu, "Tumbo." Linauma vipi? Kimya. Maumivu ni makali au kidogo? Choo ni kigumu au cha majimaji? Mtoto anamtazama mama, na mama naye anabaki kukisia.

Hali hii inaweza kutokea katika zahanati yoyote, iwe Muleba au Bukoba. Mtoto anajua vitu vinaitwaje, lakini bado hajui kusema vikoje. Maneno ya kusema vikoje ndiyo yale ambayo shuleni huitwa vivumishi: kubwa, zito, laini, chungu, moto.

Watoto wengi huanza na majina: mama, maji, ndizi. Sifa huchelewa kwa sababu haishikiki peke yake. Ndizi unaweza kumpa mtoto mkononi, lakini ubivu wake hauwezi kuutenga na ndizi. Tena sifa hubadilika. Sangara mdogo bado ni mkubwa akiwekwa kando ya dagaa. Mtoto akisikia samaki yuleyule akiitwa mdogo, kisha mkubwa, ni haki yake kuchanganyikiwa.

Vitu viwili mkononi

Njia rahisi ni kumpa vitu viwili vinavyofanana, vikitofautiana kwa jambo moja. Ukimenya ndizi za kupika, mpe moja mbichi aibonyeze, kisha mpe iliyoiva. "Hii ngumu. Hii laini." Kahawa ikiwa imeanikwa, muonyeshe tunda jekundu lililochumwa leo na lile jeusi lililokauka. Msimu wa senene ukifika, mwache atenge wa kijani na wa kahawia kabla hawajakaangwa.

Taja kitu kwanza, sifa baadaye. Mwaka 2010, mtafiti Michael Ramscar na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa watoto wa miaka miwili hivi wanaozungumza Kiingereza hushika rangi vizuri zaidi kitu kikitajwa kwanza. Kiswahili kina mpangilio huo tayari: kikombe, kisha chekundu.

Akikosea, usimcheke

Kiswahili kina kazi ya ziada, maana sifa hufuata ngeli. Kikombe ni kikubwa, mti ni mkubwa, jiwe ni kubwa. Mtoto akisema "kikombe mkubwa", usimkatize wala kumrudisha nyuma aseme upya. Mjibu tu, "Eeh, kikombe kikubwa. Kimejaa?" Amesikia lililo sahihi na mazungumzo yameendelea. Mtoto anayechekwa hujifunza haraka kunyamaza.

Kihaya si kikwazo

Wapo wazazi wanaohofia kuwa Kihaya cha nyumbani kitamchelewesha mtoto shuleni, ambako masomo ni kwa Kiswahili. Lakini Kihaya nacho ni lugha ya Kibantu, na sifa zake hufuata ngeli vilevile. Mtoto aliyejua kwa bibi yake tofauti ya kizito na chepesi tayari anayo maana. Kilichobaki ni kupata neno la Kiswahili. Kwa hiyo bibi aendelee kusimulia kwa lugha anayoimudu vizuri, na mzazi aongeze Kiswahili juu yake.

Uliza swali lenye chaguo

"Uji ukoje?" ni swali gumu kwa mtoto wa miaka mitatu. "Uji ni wa moto au umepoa?" linampa maneno mawili achague. Akizoea, mwache atafute neno lake mwenyewe. Akinyoosha kidole na kusema "nataka ile", mwulize: "Ipi, ndefu au fupi?" Subiri kidogo kabla ya kumjibia. Huhitaji kununua kitabu wala kutenga saa ya masomo. Dakika chache jikoni, shambani au njiani kwenda kuteka maji zinatosha.

Fanya hivyo pia kuhusu mwili wake akiwa mzima. Akijikwaa, mwulize kama kidonda kinachoma au kinawasha. Akilia, mwulize kama ana hasira au ana hofu. Siku atakayougua, au siku mtu atakapomtendea jambo baya mzazi akiwa hayupo, mtoto huyo atahitaji kueleza mwenyewe. Maneno ya siku hiyo anayapata leo, akibonyeza ndizi jikoni.