Safari ya Mafia na Watoto

Leo tunasafiri na watoto kutoka Kariakoo mpaka kisiwa cha Mafia.

Pandeni basi Mbagala mpaka Nyamisati, kisha chombo mpaka Kilindoni. Huenda mkangoja maji yajae. Kitazameni chombo kwanza. Kila mtoto apate boya lake la kuvaa. Watu wakizidi, shukeni, hata kama nauli mmekwisha lipa. Meli ya MV Bukoba mwaka 1996, na MV Spice Islander mwaka 2011, zilizama zikiwa zimepakia kupita kiasi.

Chole ni kisiwa cha mafundi wa majahazi, na cha popo wakubwa, watoto watafurahi. Ng'ambo, Juani, yako magofu ya Kua, mji ulioharibiwa na Wasakalava wa Bukini, yaani Madagaska, katika karne ya 19. Mna makaburi humo, watoto wasiyapande.