Nani Shahidi wa Mpaka? B. R. Ambedkar, Ardhi ya Watan na Ubugererwa katika Gitega na Muyinga

Tarehe 30 Juni 1977 serikali ya Jean-Baptiste Bagaza ilifuta kisheria mfumo wa ubugererwa nchini Burundi. Mwaka 2008, yaani miaka 31 baadaye, taarifa za watetezi wa haki za Watwa zilionyesha kuwa bado kulikuwa na watu walioishi katika kifungo hicho, na mikoa iliyotajwa ni Gitega na Muyinga. Hatuzungumzii pembe zilizosahauliwa. Gitega ulikuwa moyo wa ufalme wa kale na tangu mwaka 2019 ndio mji mkuu wa kisiasa. Muyinga, ambayo katika mgawanyo mpya wa mikoa mitano imeingizwa katika mkoa wa Buhumuza, inapakana na Tanzania na kupitiwa na barabara kuu ya mpaka wa Kobero. Makala haya yanachunguza kinachoifanya sheria ya namna hii ipite bila kumfikia mlengwa wake, na yanafanya hivyo kwa kuyasoma upya maisha ya Bhimrao Ramji Ambedkar (1891–1956), mwandishi na mwanamageuzi wa India aliyekabiliana na kifungo kinachofanana nacho sana.

Katika ubugererwa, mtu asiye na ardhi (umugererwa) alipewa kipande cha kulima na mwenye ardhi (shebuja), naye akalipa kwa kazi, kwa mazao na kwa utiifu. Deni hilo halikuwa na siku ya mwisho, na watoto walilirithi kama walivyorithi kibanda. Wahutu wengi, na hata baadhi ya Watutsi, waliwahi kuwa abagererwa. Kwa Watwa hali ilikuwa nzito zaidi. Uwindaji ulififia kadiri misitu ilivyopungua na kuhifadhiwa, mabonde ya udongo wa kufinyangia yakageuzwa mashamba ya watu wengine, na vyombo vya plastiki na bati vikaushusha thamani ufinyanzi. Aliyepoteza vyote hivyo hakuwa na njia nyingine ya kupata mahali pa kulala isipokuwa kwa hisani ya shebuja. Juu ya hayo kulikuwa na mwiko: majirani hawakula naye chungu kimoja wala kunywa naye pombe kwa mrija mmoja.

Kiswahili chetu hakijalitendea haki jambo hili. Neno ukabaila ni pana mno, utumwa unamfanya msomaji afikirie minyororo na soko, na upangaji unafanya uhusiano huo uonekane kuwa mkataba wa watu wawili walio sawa. Ama Mtwa mwenyewe, tumezoea kumfasiri kwa neno mbilikimo, neno linalompima urefu na kunyamazia ardhi yake. Kwa hiyo hapa tunabaki na ubugererwa, kama tunavyobaki na watan upande wa India.

Watan ni neno la Kiarabu lenye maana ya nchi ya mtu au makazi yake, lakini katika vijiji vya Wamarathi lilikuja kumaanisha ardhi inayoambatana na utumishi wa kurithi. Wamahar, jamii aliyozaliwa Ambedkar, walipewa kipande kidogo cha ardhi hiyo pamoja na fungu la nafaka. Kwa malipo hayo walilinda kijiji, walipeleka ujumbe, waliwatumikia maofisa wa serikali na kuondoa mizoga ya ng'ombe, wakati wowote watakapoitwa. Ambedkar aliponea tundu la jeshi, maana baba yake alikuwa askari mwenye cheo, hivyo mtoto akasoma. Hata hivyo shuleni alikalia gunia lake mwenyewe, na hakunywa maji mpaka mhudumu ammiminie. Mhudumu asipokuwapo, kiu ilibaki palepale. Baadaye alisoma Columbia, Marekani, na London, akawa mwanauchumi na mwanasheria; gazeti la Mooknayak alilianzisha mwaka 1920, kabla ya kumaliza masomo hayo.

Wanaomtaja Ambedkar katika mijadala yetu humkumbuka zaidi kama mwenyekiti wa kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India. Sisi tunaona kwamba mshauri wa sera atajifunza zaidi kutokana na miaka ya 1927 na 1928. Bwawa la Chavdar mjini Mahad lilikuwa limekwisha kufunguliwa kwa watu wote kwa azimio la baraza la mji la mwaka 1924, lakini hakuna Mmahar aliyethubutu kuteka maji yake. Tarehe 20 Machi 1927 Ambedkar aliwaongoza watu hadi bwawani wakanywa, na siku hiyohiyo wakashambuliwa. Mwaka uliofuata alipeleka mswada katika baraza la kutunga sheria la Bombay ili kuwafungua Wamahar kutoka utumishi wa watan. Alichotaka hakikuwa kufuta wajibu peke yake. Alitaka ardhi ile ibaki mikononi mwa mtumishi huku wajibu ukiondoka. Mswada huo haukupita. Aina hiyo ya watan ilifutwa katika jimbo la Bombay mwaka 1958, yeye akiwa ameshafariki.

Aliuweka mkazo katika ardhi kwa sababu alifahamu kwamba anayekula kwa hisani ya kijiji hawezi kukishitaki kijiji. Tarehe 25 Novemba 1949, akilihutubia bunge la katiba, alionya kwamba India inaingia katika maisha yenye mkinzano: usawa katika kura, ukosefu wa usawa katika jamii na uchumi. Ibara ya 17 ya katiba hiyo ilifuta utengwaji wa wasioguswa. Aliisimamia ibara hiyo, wala hakujidanganya kuhusu uwezo wake.

Burundi ilianza na viti. Katiba ya mwaka 2005 iliwatengea Watwa wabunge watatu na maseneta watatu, wanaoteuliwa kujaza nafasi hizo badala ya kupigiwa kura, na katiba ya 2018 ikauendeleza utaratibu huo. Libérate Nicayenzi, mmoja wa Watwa wa kwanza kuingia bungeni, na Vital Bambanze, aliyekuwa seneta na kuwahi kuongoza chombo cha wataalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wa asili, walifanya kazi hiyo kupitia shirika la UNIPROBA pia. Si kazi ndogo, maana bila wao pengine Gitega na Muyinga zisingetajwa kabisa. Hata hivyo mkataba wa Poona wa mwaka 1932 ulimfundisha Ambedkar somo chungu: mwakilishi ambaye kiti chake kinaamuliwa na walio wengi hutazama kwanza nyuso za walio wengi. Swali hilo halijajadiliwa vya kutosha nchini Burundi.

Hapa ndipo mifano hii miwili inapoachana, na tofauti yenyewe ni muhimu. Mmahar alidharauliwa, lakini kijiji kilimtegemea kuhusu mipaka ya mashamba. Ugomvi ukizuka, ushahidi wake ulitafutwa. Burundini mipaka iliamuliwa na bashingantahe, baraza la wazee wenye heshima, ambalo kwa desturi Mtwa hakuvishwa uanachama wake. (Mwanamke naye alikuwa humo kwa kivuli cha mumewe tu, lakini hilo ni suala la makala nyingine.) Sheria ya ardhi ya mwaka 2011 iliruhusu tarafa kutoa vyeti vya ardhi, na utaratibu wake ni kwamba kamati ya kilima hufika shambani na kuwauliza majirani mbele ya watu wote. Kwa mkulima wa kawaida huo ni utaratibu mwema na wa gharama nafuu. Kwa umugererwa, majirani wanaoulizwa ni shebuja, ndugu zake na marafiki zake, na yeye hana karatasi kwa sababu uhusiano wote uliishi midomoni.

Zanzibar iliipitia hali ya jinsi hii. Amri ya mwaka 1897 iliwaweka huru watumwa bila kuwapa shamba, na wengi waliendelea kuishi chini ya mikarafuu ya mabwana walewale kwa masharti ya kazi. Ng'ambo ya Kobero, katika Kagera, Tanzania ilichagua njia nyingine: sheria ya nyarubanja ya mwaka 1965 ilikusudia kumpa mtwarwa haki juu ya shamba alilolilima, kwa hiyo kilichopaswa kuthibitishwa ni nani analima, si babu wa nani aligawa.

Kipimo hicho kinaweza kuingizwa katika kazi ya kamati za vilima bila kusubiri sheria mpya. Fomu ya kamati iulize nani amelima kipande hicho na kwa misimu mingapi, na iulize kama analipa kwa kazi au mazao, na anamlipa nani. Jibu la "ndiyo" katika swali hilo la mwisho lisitishe utoaji wa cheti kwa mtu mwingine yeyote hadi tarafa itakapomsikiliza mkulima peke yake, mbali na kilima anachoishi.