Je, Wajua? Breki Zinazolia

Breki za diski zilianza maisha yake kwa kelele. Mwingereza Frederick Lanchester alizisajili mwaka 1902, akazifunga pedi za shaba, zikapiga yowe la kukera. Baadaye Herbert Frood alituliza kelele hizo kwa asibesto, madini ambayo leo tunajua huleta saratani ya mapafu. Ndiyo maana vumbi la breki za gari kuukuu halipulizwi kwa mdomo wala kwa kompresa. Lipanguse kwa kitambaa chenye maji.

Mlio wa asubuhi baada ya mvua ni kutu nyepesi tu, huisha ukikanyaga breki mara chache. Mlio usiokoma una habari nyingine. Pedi nyingi zina kijibati kilichowekwa makusudi kikwaruze diski pedi hizo zinapokaribia kwisha. Fungua tairi, gari likiwa juu ya stendi, si jeki peke yake. Pedi chini ya milimita 3? Badilisha za magurudumu yote mawili ya ekseli hiyo. Zikiwa bado nene, kinacholia ni mtetemo: safisha pini za kalipa, kisha paka grisi ya breki, ile inayostahimili joto, kwenye pini na mgongoni mwa pedi. Usoni pa pedi lisiguse hata tone.