Jinsi ya kufufua seva ya wingu inapokataa kuwaka

KOSA dogo katika faili moja lilitosha kuzima mamilioni ya tarakilishi duniani mnamo Ijumaa, Julai 19, 2024.

Siku hiyo, saa moja na dakika tisa asubuhi saa za Afrika Mashariki, kampuni ya Marekani ya CrowdStrike, ambayo huuza programu za kukinga tarakilishi dhidi ya wavamizi, ilisambaza faili mpya kwa wateja wake.

Punde si punde, tarakilishi zinazotumia mfumo wa Windows zilianza kuzimika na kuonyesha skrini ya samawati. Kila zilipowashwa, zilizimika tena.

Kampuni ya Microsoft ilikadiria kuwa tarakilishi milioni 8.5 ziliathirika. Shirika la ndege la Delta pekee lilifutilia mbali takriban safari 7,000 kwa muda wa siku tano.

Uchunguzi ulibaini kuwa faili hiyo iliitaka programu isome kipengele cha 21, ilhali programu yenyewe ilikuwa na vipengele 20 pekee. Kwa kutafuta kisichokuwepo, ilivuka mpaka wa kumbukumbu iliyotengewa. Na kwa kuwa programu hiyo hufanya kazi katika kiini cha Windows na kuanza pamoja nayo, ilipoanguka iliuangusha mfumo mzima.

CrowdStrike iliondoa faili hiyo baada ya dakika 78. Hata hivyo, maji yalikuwa yamekwisha kumwagika, kwani tarakilishi nyingi zilizimika kabla ya kupokea marekebisho.

Waliokuwa na tarakilishi ofisini waliweza kuketi mbele yazo na kuziwasha kwa njia ya dharura. Wenye seva za wingu hawakuwa na nafasi hiyo. Seva ya aina hii haina kitufe wala skrini ya kuguswa. Ni sehemu tu ya mtambo mkubwa ulio katika jengo la mbali, pengine hata nchi nyingine.

Microsoft iliwashauri wateja wake kuwasha seva upya mara kadhaa. Baadhi walilazimika kufanya hivyo hadi mara 15, wakitumai kuwa mtandao ungewahi kuleta marekebisho kabla ya seva kuzimika.

Hilo liliposhindikana, wataalamu walitumia mbinu ambayo hufaa katika hitilafu nyingi za namna hii.

Kwanza, mtaalamu hutazama picha ya skrini ya seva, au kumbukumbu za uwashaji, kupitia ukurasa wa kampuni inayoikodisha. Hapo hujua iwapo tatizo ni mfumo wenyewe au ni mtandao tu.

Pili, huhifadhi nakala ya diski. Atakayerukia kurekebisha bila nakala huenda akapoteza hata kile kilichosalia.

Tatu, huizima seva, akaitenga diski yake na kuiunganisha na seva nyingine nzima kama diski ya pili. Sasa faili zote huweza kufikiwa. Katika mkasa wa 2024, kilichohitajika ni kufuta faili yenye jina linaloanza kwa C-00000291.

Mwisho, diski hurejeshwa mahali pake na seva kuwashwa.

Kwenye seva za Linux, mbinu iyo hiyo husaidia pale diski inapojaa pomoni, au mstari mmoja unapokosewa katika faili ya fstab inayoorodhesha diski za kufunguliwa.

Kuna tahadhari mbili. Diski iliyofungwa kwa msimbo wa siri haifunguki bila ufunguo wake, hivyo ufunguo huo usihifadhiwe ndani ya seva hiyo hiyo. Aidha, seva ikizimwa kabisa huenda ikawaka na anwani tofauti ya intaneti, na data iliyowekwa katika diski ya muda hutoweka.

CrowdStrike ilitangaza kuwa kufikia Julai 29, takriban asilimia 99 ya tarakilishi zilikuwa zimerejea. Kuwa na nakala na funguo karibu hurahisisha kurejea. Usipoziba ufa utajenga ukuta.