Injini ya ndege ikimisi, usikimbilie kununua silinda

WAMILIKI wa ndege ndogo za kukodi wanashauriwa kutoidhinisha ununuzi wa silinda mpya pale injini inapoanza kumisi, hadi fundi awaonyeshe kwa vipimo kwamba silinda ndiyo mbovu. Chanzo kinaweza kuwa plagi chafu au nozeli iliyoziba, vitu vya bei ndogo sana ukilinganisha na silinda.

Suala hili linawagusa walioweka fedha katika ndege kama Cessna 206, inayobeba watalii na mizigo kwenye viwanja vya changarawe Afrika Mashariki. Ndege ikilala, mkopo wa benki haulali. Ikirushwa ikiwa mbovu, hasara yake haina fidia.

Matoleo mengi ya zamani ya ndege hiyo yana injini ya Continental IO-520 yenye silinda sita. Kila silinda ina plagi mbili, na kila plagi hupata moto kutoka magneto tofauti. Uchunguzi huanzia hapo.

Rubani hujaribu magneto moja moja, injini ikiwa kwenye mizunguko 1,700 kwa dakika. Mizunguko haitakiwi kushuka zaidi ya 150, wala tofauti kati ya magneto hizo kuzidi 50. Injini ikitetemeka kwenye magneto moja tu, kasoro iko upande wa moto: plagi, waya au magneto yenyewe. Ikitetemeka kwenye zote mbili, huangaliwa nozeli za mafuta na valvu.

Kutafuta silinda yenyewe, injini iliyopoa huwashwa kwa muda mfupi kwenye magneto yenye kasoro, kisha huzimwa na kila bomba la ekzosi hupimwa joto. Bomba lililobaki baridi linaonyesha silinda isiyochoma. Plagi yake huhamishiwa silinda nyingine. Tatizo likihama nayo, plagi imekwisha; likibaki, waya hukaguliwa. Risasi iliyomo katika avgas 100LL huganda kwenye plagi, hasa injini inapopewa mafuta mengi kupita kiasi ndege ikiwa ardhini.

Plagi na nozeli zikiwa salama, ndipo hupimwa kompresheni kwa hewa ya paundi 80. Hewa ikisikika kwenye ekzosi, valvu ya kutolea moshi inavuja; ikitokea kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi. Hata hivyo kipimo kimoja hakitoshi: mwaka 2003 Continental ilielekeza silinda ikaguliwe pia ndani kwa kifaa maalumu cha kuchungulia.

Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni, maana pangaboi linaweza kuzunguka ghafla na kuua. Kazi ya mwekezaji ni kudai namba ya silinda, vipimo vyote na sababu viandikwe kwenye kitabu cha injini kabla ya kusaini hundi.