Taa ya miche chini ya sufuria

Taa yangu ya kwanza ya miche ilikufa baada ya wiki mbili. Nilibandika ukanda wa taa za LED kwenye ubao, nikauweka juu ya beseni la nyanya. Taa haikuwa mbaya. Zaidi ya nusu ya umeme inaoutumia LED hugeuka joto, na joto hilo hutokea mgongoni. Ubao haulipokei. Taa ikajipika yenyewe.

Kwa nini nioteshe ndani? Hapa Goma wengi wetu tunalima kwenye magunia na mabeseni, kwa sababu chini ni mawe. Lava ya Nyiragongo ya 2002 ilifika hadi katikati ya mji. Mche mdogo ukikaa nje, mvua inaupiga, kuku wanaudonoa. Ukikaa ndani ya nyumba ya mbao yenye dirisha moja, unarefuka, unapauka, kisha unalala chini kwa kutafuta mwanga.

Mara ya pili nilitumia sufuria ya aluminiamu yenye kitako bapa. Ilikuwa hivi:

Safisha kitako kwa nje, kikauke kabisa. Bandika hapo ukanda mweupe wa volti 12, kama wati 10. Kata tu pale palipowekwa alama, na mwombe fundi aunge nyaya na kufunika kila kiungo, kisigusane na chuma. Weka sufuria juu ya matofali, taa ikiangalia chini, miche ikiwa karibu sentimita 15 chini yake. Tia maji lita tatu ndani, yasipite nusu. Aluminiamu inapokea joto, maji yanalibeba. Kwa saa moja hayapandi hata digrii mbili. Jioni mwagilia magunia kwa maji hayo. Bidoni iliyobebwa kichwani haimwagwi bure.

Mambo ya usalama: tumia betri ya volti 12 tu, usiunge kamwe umeme wa nyumba moja kwa moja, zima taa kabla ya kuinua sufuria, na watoto wasiifikie, sufuria hiyo isirudi tena jikoni.

Sasa tuhesabu. Wati 10 kwa saa 12 ni wati-saa 120. Umeme huo ungejaza simu saba hivi. Mama mwenye betri moja ndogo atachagua: miche au simu na taa ya watoto ya kusomea? Mwenye baraza lenye jua asihangaike. Jua ni la bure.

Kwa hiyo nashauri taa moja kwa kikundi kizima, nyumbani kwa mwenye betri kubwa. Kila mama alete mbegu zake za nyanya au shu katika kopo lenye jina lake. Mche ukipata majani manne ya kweli, uzoeshwe jua kidogo kidogo kwa wiki moja, kisha uende kwenye gunia la mwenyewe.