Yusuf bin Ayyub Kabla ya Usultani

Msomaji amjuaye Salahuddin Al-Ayyubi kwa ushindi wake wa Hattin na kwa kuitwaa Baitul Mukaddas mwaka 1187 hudhani, wala si ajabu kudhani hivyo, kwamba mtu wa namna hiyo alizaliwa na upanga kiunoni na tamaa ya mulki moyoni. Lakini tukizirejea habari zilizoandikwa na watu wa zama zake, akina Ibnul Athir na Bahauddin bin Shaddad, twakutana na kijana mwingine kabisa, mpole, mpenda majlisi za wanazuoni na mchezo wa polo, ambaye hata alipokaribia umri wa miaka 30 hakuna aliyemtazamia jambo kubwa. Habari zake ni habari za ukoo kabla ya kuwa habari za mtu mmoja, na kwa sababu hiyo yatupasa kuanza na baba yake.

Najmuddin Ayyub alikuwa Mkurdi wa asili ya Dvin, katika nchi ya Armenia, na ukoo wao ulihamia Iraki kutafuta riziki katika utumishi wa dola ya Waseljuki, hata Ayyub akapewa uliwali wa ngome ya Tikrit, ukingoni mwa mto Dajla. Mwaka 1132 Imaduddin Zangi, mtawala wa Mosul, aliyekuwa ameshindwa vitani, alifika ukingoni pale mbio mbio, adui nyuma na maji mbele, na Ayyub, ambaye angeliweza kumtia mikononi mwa adui zake, akamvusha kwa mashua. Miaka michache baadaye Shirkuh, ndugu wa Ayyub, mtu mwepesi wa hamaki, alimwua mtu katika ugomvi, na ndugu wote wawili wakaamriwa kuihama Tikrit. Yasimuliwa kwamba usiku ule ule wa kufukuzwa, katika mwaka wa 532 wa Hijria, ndipo alipozaliwa Yusuf, yule atakayeitwa baadaye Salahuddin, na kwamba kuzaliwa kwake kulionekana kuwa ndege mbaya. Walikimbilia kwa Zangi, naye hakuwa amesahau ile mashua: mwaka 1139 alimfanya Ayyub liwali wa Baalbek, katika nchi ya Shamu.

Kwa hiyo Yusuf alikulia Baalbek na Dameski, kati ya watu wawili wasiofanana hata kidogo. Baba alikuwa mtu wa shauri na subira. Ami yake Shirkuh alikuwa mfupi, mnene, mwenye chongo, mpenzi wa nyama na wa vita. Mwaka 1154, Nuruddin bin Zangi alipoutaka mji wa Dameski, Shirkuh alikuwa nje ya kuta pamoja na jeshi, na Ayyub alikuwa ndani pamoja na wakubwa wa mji, na baina yao wakayatengeneza mambo hata mji ukapatikana pasipo kumwagika damu nyingi. Kijana alikuwa na umri wa miaka 16 hivi, na kwa maoni yangu hakupata baadaye darasa ya vita iliyomfaa kuliko hii, kwa maana katika maisha yake yote alipenda kuufungua mji kwa barua na ahadi kabla ya kuita ngazi. Alishika kwa muda mfupi ukuu wa polisi wa Dameski. Zaidi ya hapo alikuwa mtu wa baraza la Nuruddin, na mwenzi wake katika polo.

Misri ndiyo iliyomtoa uwanjani. Nchi hiyo ilikuwa ya Makhalifa wa Kifatimi, wa madhehebu ya Shia, lakini khalifa alibaki kuwa jina tu, na mawaziri ndio waliotawala, wakiuana mmoja baada ya mwingine. Mmoja wao, Shawar, alipopinduliwa mwaka 1163 alikimbilia kwa Nuruddin, na mwaka uliofuata Shirkuh akatumwa kumrudisha, akamchukua na Yusuf. Naye Shawar, akisha kurudishwa kitini, akawageuka waliomrudisha na kuwaita Wasalibi wa Mfalme Amalric wa Baitul Mukaddas.

Katika safari ya pili, tarehe 18 Machi 1167, majeshi yalikutana Al-Babein, kusini ya Kairo. Shirkuh alimweka Yusuf katikati ya safu pamoja na mizigo yote, mahali ambapo adui angetazamia kumwona jemadari mwenyewe, akamwagiza asikaze vita bali arudi nyuma taratibu mfano wa aliyeshindwa. Yeye mwenyewe akajiweka upande wa kulia na wapanda farasi aliowachagua kwa mkono wake. Wasalibi wakaingia mtegoni, wakamfuatia Yusuf mbali, na waliporejea walikuta wenzao waliobaki nyuma wamekwisha kuvunjwa. Wasimulizi wa vita humsifu Shirkuh kwa hila hii, na ni haki yake. Lakini kazi ngumu ilikuwa ya yule aliyerudi nyuma, kwa kuwa askari akisha kuwapa adui mgongo kwa amri, ni nadra kumzuia asikimbie kwa hofu.

Baada ya hapo aliachwa kuulinda mji wa Iskandaria, akahusuriwa kwa bara na bahari muda wa siku 75 hivi, akiwa na njaa ndani na raia wasio wake, mpaka suluhu ilipopatikana na majeshi yote mawili yakatoka Misri. Mateso hayo yalimwingia sana. Mwishoni mwa mwaka 1168, Amalric alipoutwaa mji wa Bilbays na kuwachinja watu wake, na khalifa kijana Al-Adid akamwomba Nuruddin msaada, Yusuf alikataa katakata kwenda tena, na akaenda kwa amri tu.

Mwezi wa Januari 1169 Shirkuh alikwenda kulizuru kaburi la Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani yetu, na Shawar akatoka kumfuata huko. Njiani Yusuf, aliyekuwa amepanda farasi ubavuni mwake, akamkamata, na siku ile ile khalifa akaagiza kichwa chake. Shirkuh akawa waziri, lakini baada ya miezi miwili akafa kwa kuvimbiwa. Washauri wa kasri wakamchagua Yusuf, si kwa nguvu zake bali kwa udhaifu wake, kwa kuwa katika maamiri wote wa Shamu hawakumwona aliye mdogo wala mnyonge kuliko yeye.

Akaacha pombe na mchezo, kama asemavyo Ibn Shaddad, na katika muda wa miezi mitano kasri ikajua kosa lake. Karibu na Bilbays alikamatwa mtu aliyevaa matambara lakini akachukua viatu vipya. Viatu vikafumuliwa, na ndani yake ikatoka barua ya towashi mkuu wa khalifa kwa Wasalibi. Towashi akauawa, askari weusi wa kasri wakaasi, na baada ya siku mbili za vita katikati ya Kairo mtaa wa jamaa zao ukachomwa moto. Hapo haonekani yule Salahuddin wa huruma anayesimuliwa mpaka Ulaya, na mwandishi wa wasifu hana ruhusa ya kulipita jambo hilo mbio.

Mwaka 1171 aliliondoa jina la khalifa wa Kifatimi katika hotuba ya Ijumaa, na siku chache baadaye Al-Adid akafa. Nuruddin sasa akamtilia shaka naibu wake. Katika baraza kijana mmoja wa ukoo alipotamka kwamba Nuruddin akija watampiga, Ayyub alimkemea mbele ya wote, akisema kwamba wao ni watumwa wa Nuruddin. Halafu, faraghani, akamwambia mwanawe kwamba Nuruddin akitaka hata muwa mmoja wa Misri, yeye mwenyewe Ayyub atapigana naye. Mzee huyo alianguka kutoka juu ya farasi akafa mwaka 1173, na Mei 1174 Nuruddin naye akafariki, akimwacha mrithi mtoto wa miaka 11. Mwisho wa Oktoba Salahuddin aliingia Dameski na wapanda farasi 700, akitangaza kwamba amekuja kumlinda mtoto yule na adui zake.